Jua Kali, Nywele na Ngozi ya Kichwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hurudi kila jua linapoanza kuwa kali, na mengi yanahusu kitu kimoja: nipake nini? Jibu langu huwaudhi baadhi ya watu. Kabla ya kupaka chochote, funika. Mafuta yana kazi yake, na tutayafikia kuanzia swali la 8, lakini kazi hiyo si ile ambayo wengi wanadhani.

## Mambo ya msingi

1. Jua linaufanya nini hasa unywele?

Unywele uliokwisha kuota nje ya ngozi hauna uhai. Umejengwa kwa keratini, protini ileile iliyo kwenye kucha, na umefunikwa na magamba membamba yaliyolaliana. Juu ya magamba kuna utando mwembamba mno wa mafuta unaozifanya nywele ziteleze na zisinywe maji ovyo. Mionzi ya urujuanimno, ile inayoandikwa UV, huuharibu utando huo, hukata vifungo vya salfa vinavyoishikilia keratini, na huivunja rangi iliyo ndani. Inayotufikia ni ya aina mbili, UVA na UVB. UVB ndiyo hasa inayomega protini. UVA huchangia zaidi kupauka kwa rangi.

Vidole hugundua kabla ya macho. Shika unywele mmoja, uupitishe katikati ya vidole viwili kutoka shinani hadi nchani. Mzima huteleza. Ulioharibika hukwaruza, hasa kuelekea nchani, kwa sababu magamba yameinuka na mengine yamebanduka. Nywele za kipilipili hukwama kidogo kwa sababu ya mikunjo yake, kwa hiyo usizilinganishe na za mtu mwingine: linganisha shina na ncha ya unywele uleule. Ncha imekaa juani muda mrefu zaidi.

2. Na ngozi ya kichwa je?

Hiyo ni hai, na hapo habari inabadilika. Inaungua, inabanduka, na madhara yake hujilimbikiza miaka na miaka hadi yanaweza kufikia saratani ya ngozi. Kichwa ndicho sehemu ya mwili inayotazama jua la mchana moja kwa moja, lakini ndicho kinachosahaulika mtu anapojipaka losheni. Sehemu zinazoungua zaidi ni mstari wa kugawia nywele, utosi, ukingo wa nywele kwenye paji la uso, ncha za masikio na kisogo. Ukipata muda wa kulinda sehemu chache tu, anza na hizo.

3. Nywele zangu ni nyeusi na nzito, na ngozi yangu ni nyeusi. Kweli nina haja ya kujali?

Una kinga kubwa kuliko wengi, ila si kamili. Melanini nyeusi, yaani rangi ya asili ya ngozi na nywele, hunyonya mionzi mingi, na nywele nyingi hukitilia kichwa kivuli. Mwaka 2023 mtafiti Tina Lasisi na wenzake walichapisha jaribio ambalo walitumia sanamu ya mtu yenye joto la mwili, wakaivisha wigi za aina mbalimbali chini ya taa zinazoiga jua. Nywele zote zilipunguza joto la jua linalofika kichwani, na zile zilizojikunja sana zilifanya kazi hiyo vizuri kuliko zilizonyooka.

Kinga hiyo hutoweka pale nywele zinapogawanywa. Aliyesuka mistari ana ngozi iliyo wazi kuanzia usoni hadi kisogoni, na mara nyingi ni ngozi ambayo haijaliona jua kwa wiki kadhaa. Tena kwenye ngozi nyeusi, kuungua hakuonekani kwa wekundu. Utasikia joto, mwasho na maumivu unapogusa, halafu baada ya siku kadhaa ngozi inabanduka na unadhani ni mba.

Nywele zenyewe pia hupauka. Ule wekundu au ukahawia unaojitokeza kwenye ncha za nywele nyeusi baada ya msimu wa jua ni melanini iliyovunjika.

4. Ni saa ngapi jua linaharibu zaidi? Na siku za mawingu?

Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Kama huna saa, tazama kivuli chako: kikiwa kifupi kuliko urefu wako, jua ni kali. Wanaotazama utabiri wa hali ya hewa kwenye simu watafute kipimo cha UV. Kuanzia 3 unahitaji kujikinga, 8 ni kali sana, na 11 kwenda juu ni kali kupindukia.

Usipime kwa joto. Siku yenye upepo mwanana milimani inaweza kukuunguza kuliko siku ya joto bondeni, kwa sababu mionzi huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mawingu mepesi hupitisha sehemu kubwa ya mionzi. Mchanga mkavu wa ufukweni huakisi kama asilimia 15, na theluji mpya hufikia asilimia 80.

## Kufunika

5. Kofia ipi inafaa?

Yenye ukingo wa kuzunguka pande zote, angalau sentimita 7.5. Pama ni nzuri. Chepeo huokoa utosi na paji la uso, lakini huyaacha masikio na kisogo.

Kuna kipimo rahisi kuliko maandishi ya lebo. Inua kofia juu ya uso wako uitazame ukiwa umeielekeza kwenye taa au dirisha lenye mwanga, si kwenye jua lenyewe. Ukiona vidoti vya mwanga, jua nalo linapita hapohapo. Kofia nyingi za majani yaliyosukwa kwa nafasi hushindwa mtihani huu hata kama ukingo wake ni mpana. Ukikuta kofia imeandikwa UPF 50, maana yake ni kwamba kitambaa chake hupitisha sehemu moja tu kati ya 50 ya mionzi.

6. Mtandio, kilemba au mwavuli vinatosha?

Kilemba kinatosha vizuri sana, maana kitambaa hujikunja tabaka juu ya tabaka. Mtandio hutegemea kitambaa. Kilichofumwa kwa kubana na chenye rangi iliyokolea huzuia zaidi kuliko cheupe chembamba. Pamba nyepesi ikilowa hupitisha mionzi zaidi kuliko ikiwa kavu, na kitambaa kilichovutwa kwa nguvu hufunguka matundu. Kumbuka pia kwamba mtandio hauna ukingo, kwa hiyo uso unabaki na mahitaji yake.

Mwavuli ni msaada mzuri, ila mionzi mingine hutoka angani kutoka pembeni na mingine huakisiwa na ardhi. Uchukue pamoja na kitu cha kichwani.

7. Kuvaa kofia kila siku hakuleti upara?

Hapana. Upara wa kawaida hutokana na urithi na homoni. Kinachoweza kung'oa nywele ni kukaza: kofia inayobana ukingo wa nywele siku nzima, au kilemba kilichokazwa juu ya misuko iliyokwisha kukazwa. Legeza, na ufue kofia yako. Hilo la kufua husahaulika kweli.

## Mafuta na vitu vya asili

8. Nimesikia mafuta ya nazi yana SPF. Yanazuia jua?

Usiyategemee. SPF ni namba inayopima jinsi kitu kinavyoikinga ngozi isiungue na jua. Namba zinazozunguka kuhusu mafuta ya nazi, zeituni au ufuta ni ndogo hata kwa wanaozitaja, na zimetokana na vipimo vya maabara ambavyo si sawa na mafuta yaliyopakwa juu ya ngozi inayotoka jasho. Zile namba kubwa zinazotajwa kwa mafuta ya mbegu za karoti au za rasiberi ndizo hatari zaidi, kwa sababu mtu huziamini akaacha kofia nyumbani.

Hilo halimaanishi mafuta ya nazi ni bure. Mwaka 2003 watafiti Rele na Mohile walilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini, na ya nazi pekee ndiyo yaliyopunguza wazi upotevu wa protini kwenye nywele, yalipopakwa kabla au baada ya kuosha. Sababu ni asidi yake ya lauriki: molekuli yake ni ndogo na imenyooka, kwa hiyo huingia ndani ya unywele badala ya kukaa juu tu. Kwa hiyo kazi yake ni kuzisaidia nywele zistahimili kuoshwa na kuchanwa katika msimu ambao tayari zimechoka. Kuzuia mionzi ni kazi ya kofia.

9. Basi nipake vipi, na je, mafuta hayakaangi nywele juani?

Hayakaangi. Jua halifikishi nywele kwenye joto la kikaango. Ila mafuta mengi hunasa vumbi, na yakiteremka na jasho hadi kwenye paji la uso huziba vinyweleo.

Paka usiku au saa chache kabla ya kuosha. Weka matone machache kwenye kiganja, sugua mikono, kisha anza na ncha ukipanda juu, uishie kabla ya kufika kwenye ngozi. Ngozi ya kichwa hujitengenezea mafuta yake. Mwenye mba awe mwangalifu zaidi: fangasi wanaohusishwa na mba, Malassezia, hula mafuta, kwa hiyo kuilowesha ngozi ni kuwapakulia.

10. Kuna losheni ya asili ya kupaka kwenye mistari ya nywele?

Inayokaribia zaidi ni ile yenye oksidi ya zinki au dioksidi ya titani, ambazo ni madini. Chagua SPF 30 au zaidi inayozuia UVA na UVB. SPF 30 huzuia takriban asilimia 97 ya UVB, na SPF 50 takriban 98. Tofauti ni ndogo kuliko bei inavyodai. Kinachowaangusha watu ni kupaka kidogo mno na kutorudia kila baada ya saa mbili.

Kwenye mistari, kiganja hakifai: utapaka nywele na kuiacha ngozi. Chovya kijiti cha pamba, kipitishe taratibu juu ya mstari mmoja mmoja, subiri kidogo, kisha rudia mara ya pili. Zinki huacha weupe kwenye ngozi nyeusi. Zenye rangi ya ngozi hupunguza tatizo hilo. Poda za madini zinavutia kwa sababu hazigandi nywele, lakini ni vigumu kupata kiasi cha kutosha, hivyo zifae kuongezea tu.

Usinunue unga wa zinki ukachanganya mwenyewe na mafuta. Unga hujikusanya madonge, sehemu moja ikapata kinga na nyingine ikakosa, nawe huwezi kuona ni ipi.

11. Vipi mshubiri, hina, chai ya kijani na siki?

Mshubiri, yaani aloe vera, hutuliza na kuongeza unyevu. Hauzuii jua. Ukikata jani mwenyewe, lisimamishe kwanza ule utomvu wa manjano uchuruzike, kwani ndio unaowasha. Unachotaka ni ute mweupe wa ndani. Hina halisi hushikamana na keratini na kuifunika, na wengi huona nywele zao zimekuwa imara zaidi, lakini rangi haitoki kwa urahisi. Kaa mbali na ile inayoitwa hina nyeusi, ambayo mara nyingi huongezwa kemikali ya PPD inayoweza kuunguza ngozi vibaya. Chai ya kijani unayosuuzia na kuimwaga haiwezi kukukinga.

Siki kidogo kwenye maji mengi ina mantiki, kwa sababu nywele ni za asidi kwa asili yake na magamba hutulia kwenye asidi hafifu. Baking soda hufanya kinyume, huyainua magamba. Iache jikoni.

12. Limau juani lipaushe nywele kiasili, ni salama?

Hapana. Nywele zitapauka kweli, kwa sababu ni uharibifu uleule wa swali la 1 ukiharakishwa kwa asidi. Kibaya zaidi ni maji yanayochuruzika kwenye paji la uso, masikio na shingo. Limau na ndimu zina kemikali ambazo zikipigwa na mionzi huunguza ngozi: malengelenge kwanza, kisha mabaka meusi yanayoweza kukaa miezi. Kuwa kitu cha asili hakukisaidii kitu hapa.

## Maji na jasho

13. Nifanyeje kabla na baada ya kuogelea?

Lowesha nywele kwa maji safi kwanza. Unywele hunywa maji hadi karibu theluthi moja ya uzito wake, na ukishashiba hunywa maji kidogo ya klorini au ya chumvi. Paka kondishena au mafuta kidogo juu yake, zifunge, na ukipata kofia ya kuogelea uivae. Ukitoka, suuza mara moja badala ya kusubiri zikauke na chumvi. Ule ukijani unaozipata nywele za rangi hafifu hutokana na shaba iliyomo kwenye maji ya bwawa, na si klorini yenyewe.

Kuwa ndani ya maji hakukufichi. Nusu mita chini ya uso wa maji, mionzi bado ni kama asilimia 40 ya ile iliyo juu, na kichwa chako kiko nje muda wote.

14. Natoka jasho sana. Nioshe kila siku?

Osha ngozi, si lazima nywele. Suuza kwa maji mengi ukisugua kwa ncha za vidole, na shampuu laini itumike pale ngozi inapohisi uchafu. Waliosuka wanaweza kutumia chupa ya kunyunyizia kwenye mistari. Kausha vizuri kabla ya kufunika, na draya ipumzike msimu huu.

## Yakishatokea

15. Ngozi ya kichwa imeungua. Nifanye nini?

Ingia kivulini, mimina maji ya baridi ya kawaida (barafu usiweke), kunywa maji, paka ute wa mshubiri. Dawa ya kawaida ya maumivu inaruhusiwa ikiwa huwa unaitumia salama. Saa za mwanzo usipake mafuta mazito au mafuta ya mgando, kwani yanazuia joto lisitoke. Mpaka ngozi ipone, hakuna relaksa, hakuna rangi, hakuna kusuka, na magamba yanayobanduka yaachwe yadondoke yenyewe. Kukiwa na malengelenge mengi, homa, kutapika au kuchanganyikiwa, nenda hospitali siku hiyohiyo.

16. Nywele zilizoharibika zinapona?

Hazijirudishi. Kondishena na mafuta hulaza magamba na kupunguza kukatika, na hilo lina thamani, lakini ncha iliyopasuka haiungwi na kitu chochote, hata chupa iseme nini. Kata ncha, tumia chanuo la meno mapana, na subiri: nywele huota takriban sentimita moja kwa mwezi.

17. Nywele zinanyonyoka sana baada ya msimu wa jua. Ni jua?

Huenda, huenda siyo. Kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida, na wengi hupoteza zaidi mwishoni mwa kiangazi. Tazama ulioanguka: ukiwa na kijidoa cheupe upande mmoja, umetoka shinani. Ukiwa mfupi na hauna kijidoa, umekatika, na hapo rudi swali la 16. Kunyonyoka kwa mashina kukiendelea miezi kadhaa au kukiacha viraka, muone daktari.

## Hali maalumu

18. Nina upara, au nimenyoa. Nifuate yapi?

Kichwa chako kihesabu kama uso. Kofia ya swali la 5, losheni ya swali la 10, kila siku ya jua. Aliyenyoa jana baada ya miezi ya nywele ndefu aanze taratibu, maana ngozi hiyo haijazoea.

19. Na watoto?

Chini ya miezi sita: kivuli, nguo na kofia, bila kumweka juani makusudi. Wakubwa zaidi huongezwa losheni ya madini. Kofia yenye kamba laini hudumu kichwani muda mrefu kidogo kuliko isiyo nayo.

20. Mwenye ualbino afanye nini zaidi?

Kwake kujikinga ni suala la uhai. Melanini ikiwa kidogo au haipo, saratani ya ngozi huweza kuja mapema, na hutokea zaidi kichwani na shingoni. Kofia pana na nguo za mikono mirefu ndizo za kwanza, losheni ya SPF 30 au zaidi ni nyongeza ya lazima, na uchunguzi wa ngozi ufanywe mara kwa mara bila kungoja kidonda. Mafuta ya kupikia au ya nywele yasichukue nafasi ya losheni hata siku moja.

21. Nywele zangu zina rangi, dawa, au ni mvi.

Rangi na relaksa huondoa ule utando wa mafuta mapema, kwa hiyo jua linakuta mlango wazi. Fanya shughuli hizo nje ya wiki za jua kali kama unaweza. Mvi hazina melanini na huweza kugeuka manjano juani, zifunike.

22. Dawa ninazomeza zinahusika?

Zinaweza. Doksisaiklini, isotretinoini na haidroklorothayazaidi ya shinikizo la damu ni miongoni mwa zinazofanya ngozi iungue upesi. Usiache dawa. Ongeza kinga, umuulize daktari au mfamasia. Wenye lupus, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, pia wawe makini, kwani jua huiamsha na inaweza kuacha makovu yasiyoota nywele.

23. Nikifunika kichwa, vitamini D nitapata wapi?

Kwenye mikono na miguu, na kwenye chakula. Kichwa hakihitajiki kwa kazi hiyo.

24. Nijuaje kuwa doa la kichwani ni la kumwonyesha daktari?

Kidonda kisichopona kwa wiki kadhaa au kinachovuja damu na kurudi, baka kavu linalokwaruza kama msasa, uvimbe unaokua, doa linalobadilika rangi, umbo au ukubwa. Hayo yote mwonyeshe daktari wa ngozi.

Shida ni kwamba huwezi kujiona utosi. Tumia vioo viwili, ukigawa nywele sehemu kwa sehemu, au mwombe kinyozi au msusi akuambie akiona kitu, maana yeye hukiona kichwa chako kwa karibu kuliko mtu yeyote. Akikuta doa, lipigwe picha pembeni ya rula, na tarehe iandikwe, ili daktari aone kama limebadilika.